Njia ya Maksai

Bosi wangu Prasanna alinipigia simu tukiwa kona ya kumi na moja ya mlima, mvua ikipiga bati la gari kama mtu anayemwaga choroko.

"Nagaveni, ile nyumba tuliyoagiza imeingia maji," alisema. "Lakini usihangaike, nimeshapata nyingine, tena nzuri kuliko ile. Nyumba ya zamani ya wakulima wa popoo. Nguzo za mfenesi, bembea ya minyororo ya shaba, kila kitu. Ndiyo kwanza wanaanza kupokea wageni. Iko Honnekoppa."

Niliondoa simu sikioni, nikaitazama.

"Unanisikia? Ukifika ulizia kwa Sheshagiri Hegde, kila mtu ana…"

Simu ikakatika. Mtandao huishia kona ya kumi na mbili. Nililijua hilo miaka mingi kabla sijaanza kazi ya kuongoza watalii.

"Gaus," nilimwambia dereva kwa sauti ya chini, "geuza gari."

Gaus alinitupia jicho. "Nigeuzie wapi, dada? Juu ya mapaja yako? Kulia ukuta, kushoto korongo. Nikigeuza hapa tutafika chini Kumta mapema sana, ila vipande vipande."

Wageni walikuwa sita. Mbele aliketi mzee Deshpande wa Pune, mhandisi mstaafu, na mkewe Sulabha. Nyuma yao dada wawili wa Bengaluru wanaofanya kazi za kompyuta, Tejaswini na mdogo wake. Nyuma kabisa maarusi wa Hubli, ambao tangu asubuhi ya jana hawakuwa wameachiana mikono. Safari yenyewe tunaiita Pwani, Msitu na Utamaduni, siku tatu, watu wasiozidi wanane. Pwani tulikuwa tumeshaimaliza: mashamba ya chumvi, mikoko, wanawake wanaookota chaza matopeni maji yakitoka. Ulibaki msitu, na utamaduni.

Ofisini hakuna aliyejua kwamba niliwahi kuishi Honnekoppa. Nilipoomba kazi, penye swali la ndoa niliandika sina, na mahakama ilikuwa imeshalifanya jambo hilo kuwa kweli. Lakini nilipokuwa na miaka ishirini na miwili nilipandishwa mlima huu huu na mwanamume niliyekuwa nimemwona mara mbili tu, nikakaa nyumbani kwake misimu mitatu ya mvua. Wa nne sikuusubiri. Nilishuka kwetu Kumta nikiwa na mkoba mmoja, nikakaa moja kwa moja. Sheshagiri alitia saini karatasi za talaka bila kuuliza neno. Sasa ilikuwa imepita miaka tisa.

Gari huachwa juu barabarani. Kutoka hapo unashuka kwa ngazi za mawe katikati ya mipopoo, hewa ikizidi kuwa nzito, mpaka unaliona paa la vigae chini yako kama kitu kilichodondoshwa kisimani. Mama mkwe wangu, Bhagirathi, alikuwa amesimama barazani na chungu cha maji. Nywele zake zote zilikuwa nyeupe sasa. Alimpa kila mgeni maji na kipande cha sukari guru, kama desturi inavyotaka, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwangu. Macho yake yakanitua usoni na kukaa hapo.

"Karibu, dada," alisema. "Njia haikuwasumbua?"

Dada! Miaka mitatu aliniita mkwe, na nikiunguza kitu jikoni aliniita mtoto wa watu wa chumvi. Nilipokea maji kwa mikono miwili. "Haikutusumbua, mama."

Basi tukawa tumeshakubaliana, mimi na yeye, kwamba hatujuani.

Sheshagiri alikuja kutoka shambani, koti la mvua begani, mikono ya buluu mpaka kwenye viwiko kwa mrututu wa kupulizia popoo zisioze. Alikuwa ameshaweka mguu kwenye kizingiti aliponiona. Mguu ule haukwenda mbele wala nyuma.

"Wageni… wangapi?" aliuliza.

"Sita," nilisema. "Na dereva, na mimi."

"Haya. Sawa."

"Binti, huyu ndiye mwenyeji wetu?" mzee Deshpande aliuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kusimamia vibarua. "Anaitwa nani?"

Kwetu mke hatamki jina la mumewe. Miaka mitatu nilimwita "sikiliza", au "baba mwenye nyumba", au nilikohoa. Sasa ilikuwa kazi yangu kulitamka. "Anaitwa Sheshagiri Hegde," nilisema, mbele yake na mbele ya mama yake, na nikasikia aibu kana kwamba nimetoa tusi.

Niliwazungusha wageni ndani ya nyumba, kama ratiba ilivyosema. Niliwaonyesha nguzo, bembea, dari la kukaushia popoo, bafu lenye sufuria kubwa la shaba ambalo moto wake hauzimwi msimu mzima. Niliongea kwa sauti ile ile ninayoitumia kila mahali. Tulipotoka ukumbini kwenda jikoni kulikuwa na giza, na mzee Deshpande akagonga paji la uso kwenye kizingiti cha juu, akalaani kwa Kimarathi. Mkewe Sulabha alinishika mkono.

"Wewe uliinama kabla ya kuuona mlango," aliniambia polepole.

"Nyumba hizi zote zinafanana, mama."

"Hm," alisema.

Vyumba vya wageni vilikuwa vitatu, na Gaus akapewa kitanda barazani. Bhagirathi alinitangulia kuelekea nyuma, akasukuma mlango wa chumba cha pembeni, kile kilichobandikwa nje ya ukuta wa jikoni. "Utalala humu, dada. Vingine vimejaa."

Wanawake wa nyumba ile walikaa humo siku zao tatu za kila mwezi. Hugusi chombo, hugusi mtu, chakula unasukumiwa kizingitini. Dirisha ni la upana wa vitabu viwili, na linatazama zizi. Palikuwa na shuka safi, na juu ya shuka taulo lililokunjwa vizuri. Mpaka leo sijui kama aliniweka humo kwa kukosa nafasi au kwa kuniadhibu. Niliketi kitandani, na nikajiona nikihesabu vigae, kama zamani. Vilikuwa mia moja na kumi na sita, ila kimoja kilikuwa kimebadilishwa.

Nikajiambia: kesho saa nne tunaondoka. Saa nne tu.

Tulikuwa tunakula chakula cha jioni, wali na mchuzi wa nazi juu ya majani ya mgomba, ardhi ilipotikisika. Haikuwa radi. Ilikuwa sauti ndefu, kama gunia kubwa sana linalokokotwa sakafuni, halafu ng'ombe wakalia wote kwa pamoja. Sheshagiri aliacha kula.

"Mlima," alisema.

Asubuhi yake Gaus alipanda kwenda kuangalia, akarudi na tope mpaka kifuani.

"Barabara ya chini imekwenda, dada. Hatua hamsini hivi, hakuna kitu, ni hewa tu. Miti imesimama katikati ya korongo kama inasubiri basi."

"Na ya juu? Ya kwenda Sirsi?"

"Maji yamefunika daraja. Ukuta wa pembeni hauonekani. Gari liko zima, namshukuru Mungu. Ila tuna gari na hatuna pa kulipeleka."

Tejaswini alicheka kwanza, akidhani ni sehemu ya burudani. Halafu akatoa simu, akaiinua juu, akazunguka uani akiwa ameinyanyua kama mtu anayetafuta nyuki. "Kesho jioni nina kikao," alisema. "Nagaveni, sikiliza, nina kikao."

"Mkoani wataleta mashine," nilisema. "Siku moja, mbili."

Siku ya kwanza walifurahi. Bhagirathi aliwafundisha kutengeneza ule mkate mtamu mwembamba kuliko karatasi, unaopakwa kwa kitambaa juu ya chungu kilichopinduliwa. Bibi harusi alitoboa mitano, wa sita ukatoka mzima, akapigiwa makofi. Siku ya pili mvua haikukatika hata kwa muda wa kutema mate. Nguo hazikukauka. Maruba waliingia mpaka vyumbani. Mdogo wake Tejaswini alimkuta mmoja kwenye kope, akalia kwa saa nzima. Mboga ziliisha, tukawa tunakula fenesi: fenesi la kupika, kaki za fenesi, kokwa za fenesi kwenye mtindi. Bwana harusi na bibi harusi waliachiana mikono. Mzee Deshpande alinifuata kila nilipokwenda.

"Ratiba ilisema siku tatu. Mimi nilifungasha vidonge vya presha vya siku tatu na kimoja cha akiba. Unanielewa, binti? Mpango wenu wa dharura uko wapi? Hebu nionyeshe kwa maandishi."

"Naupanga, mzee."

"Unaupanga! Dharura haipangwi ikishafika!"

Nilimwelewa. Mimi mwenyewe nilikuwa nashindwa kupumua. Nikiwa ukumbini Bhagirathi alikuwa ukumbini, nikitoka barazani Sheshagiri alikuwa barazani akipasua popoo kwa kisu cha kukalia, na nikiwakimbia wote wawili palibaki chumba cha pembeni. Na wageni wakinitazama, ilinibidi nitabasamu. Mama mkwe aliendelea kuniita dada, kwa adabu, akinipa chakula mwisho kama mgeni wa daraja la chini. Siku moja nilisahau, nikachukua kata kutoka kwenye ndoano yake nyuma ya mlango bila kutazama. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Bado inaning'inia pale pale," alisema, akaondoka.

Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, juu ya shamba karibu na tangi la maji, ukisimama kwenye ukingo wa saruji. Jioni ya siku ya pili nilipanda huko kumpigia Prasanna. Alisema mashine zimekwama kwenye poromoko jingine, nivute subira, niwaimbishe wageni. Nilipokata simu nikamkuta Sheshagiri anasafisha majani kwenye bomba.

"Mama ndiye aliyetaka wageni," alisema bila kuinua kichwa. "Alisema nyumba ikikosa mkwe, basi ipate wageni. Angalau kuwe na sauti."

"Hukuoa tena?"

"Nani anakuja huku? Wasichana wote wako Bengaluru. Tumepeleka posa mara arobaini na moja. Wa mwisho aliuliza kama kuna mtandao kabla hajaniuliza jina."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia upo. Ukisimama juu ya tangi."

Nilicheka. Sikutaka, lakini nilicheka, naye akacheka, na kwa kitambo tulikuwa watu wawili tu waliolowana. Halafu uso wake ukabadilika. Alifuta mikono kwenye shuka lake la kiunoni, mara mbili, mara tatu.

"Nagaveni. Mwaka ule baba yako alipougua…"

"Usilitaje hilo."

"Kuna jambo nilipaswa…"

"Nagaveni!" Tejaswini alikuwa anapanda akiteleza, simu juu. "Upo? Mtandao upo? Shuka, shuka, zamu yangu!"

Sheshagiri akaokota jembe lake akaenda zake.

Niliposema asilitaje, sikuwa namlaumu. Ulikuwa msimu wangu wa tatu wa mvua pale, simu ya mezani ikalia, kaka yangu akasema baba anakuulizia, njoo. Nilifunga mkoba wangu saa ile ile. Bhagirathi alisema barabara ya chini imeporomoka, na juu maji yamefunika daraja, njia hakuna. Nilipanda mwenyewe barabarani nikaona: maji ya kahawia yakipita juu ya daraja, na magogo ndani yake. Ilikuwa kweli. Nilisubiri siku kumi na moja. Kila asubuhi nilipanda kutazama, kila asubuhi maji. Siku ya kumi na mbili simu ikalia tena. Nilifika Kumta kula chakula cha matanga. Kwa hiyo niliilaumu mvua, miaka tisa yote, na nilikuwa nimeshazoea kuilaumu.

Siku ya tatu ya kukwama, mchana, vidonge vya mzee Deshpande vilikuwa vimeisha tangu asubuhi. Aliketi mbele ya jani lake akiwa mwekundu masikioni, hagombi tena, na kunyamaza kwake kulitutia hofu kuliko kelele zake. Bhagirathi alikuwa anapita na ndoo ya mchuzi, anampakulia kila mtu. Sulabha alimtazama mumewe, akatazama mvua, akauliza tu, kama mtu anayezungumza ili asilie:

"Hivi mama, kabla serikali haijaleta barabara, watu wa hapa walikuwa wanashukaje pwani?"

Upawa ulisimama hewani. Nilikuwa nimeketi mwisho wa mstari na niliuona ukisimama. Mchuzi ulidondoka sakafuni, tone, tone. Sheshagiri aliinamia wali wake.

"Kwa njia ya maksai," Bhagirathi alisema.

Mzee Deshpande aliinua kichwa. "Njia gani?"

"Wabeba chumvi walipanda nayo na maksai wao. Chumvi inapanda, popoo na pilipili manga zinashuka. Inaanzia nyuma ya zizi."

"Ipo mpaka leo?"

"Ipo."

"Inapitika kwenye mvua?"

"Iliwekwa mawe na watu waliojua mvua."

"Saa ngapi mpaka chini?"

"Kwa kushuka, saa tano. Kwa watu wenu, saba."

"Mungu wangu!" Mzee Deshpande alipiga goti lake. "Siku tatu tunakula fenesi na njia iko nyuma ya zizi!"

Wote wakaangua kicheko, hata Gaus kule barazani, hata bibi harusi aliyekuwa amenuna tangu jana. Kicheko cha watu waliofunguliwa mlango. Mimi sikucheka. Nilikunja jani langu chakula kikiwa ndani, nikainuka, nikamfuata Bhagirathi jikoni, na safari hii nilisahau kuinama. Paji la uso liligonga, sikusikia maumivu.

"Ilikuwepo mwaka ule?" nilimuuliza.

Alikuwa amenipa mgongo, anaosha upawa ulioshaoshwa.

"Mama. Nakuuliza. Mwaka ule wa baba yangu, njia hiyo ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Saa tano."

"Wewe ungekwenda kwa nne. Ulikuwa mwepesi."

Sikumbuki nilishika nini. Nadhani ukingo wa jiko la udongo, kwa sababu baadaye nilikuta masizi viganjani. "Siku kumi na moja nilipanda kutazama daraja. Uliniona. Ulikuwa unaniwekea uji tayari nikirudi. Ulikuwa unanipa taulo nijifute kichwa!"

"Nilijua ukishuka hutapanda tena," alisema.

"Na kweli sikupanda tena!"

"Ndiyo." Aligeuka. "Hata hivyo hukupanda tena."

Ukumbini walikuwa wanazungumza wote kwa pamoja, nani avae viatu gani. Bhagirathi alikaa kwenye kigoda cha kukunia nazi, polepole, akishika magoti.

"Mimi nililetwa hapa nikiwa na miaka kumi na mitano," alisema. "Kwa njia hiyo hiyo. Uso umefunikwa, natazama visigino vya aliye mbele yangu. Mwaka wa pili, katika mvua, wakaleta habari kwamba mama yangu hali yake mbaya. Mama mkwe wangu akasema huwezi kwenda, daraja limebomoka. Nikakubali. Nililia, nikakubali. Miaka sita baadaye nikamsikia baba mkwe anasema serikali inajenga daraja hapo juu. La kwanza. Halikuwahi kuwepo daraja, Nagaveni. Mimi nililia kwa daraja ambalo halijajengwa."

Ilikuwa mara ya kwanza kunitaja jina tangu nifike.

Labda alitaka nimwonee huruma, na huruma nilikuwa nayo, siwezi kudanganya. Lakini hasira haikuondoka kuipisha. Vyote viwili vilikaa kifuani, vikibanana.

"Basi ulijua inavyouma," nilimwambia. "Ulijua kuliko mtu yeyote. Na siku hizi tatu je? Mzee wa watu angekufia hapa, na wewe na mwanao mmekaa kimya, ili tu mimi nisisikie."

Alivuta nazi, akaanza kukuna.

Tuliondoka alfajiri ya kesho yake, mvua ikiwa imepungua kuwa manyunyu. Nilimuuliza mzee Deshpande kama ataweza. Akasema, "Kushuka hata jiwe linaweza, binti." Gaus aliegemea nguzo ya baraza akiutazama mlima kwa uchungu. "Mama, mnitunzie gari," alimwambia Bhagirathi. "Ni jipya, halijaizoea mvua ya huku." Bhagirathi alimpa kila mtu kifurushi cha wali uliofungwa kwa jani, na kipande cha sukari guru. Mimi alinipa cha mwisho. Hakusema dada, wala mkwe, wala jina.

Nyuma ya zizi palikuwa na lango la mianzi ambalo nililiona kila siku kwa miaka mitatu kupitia dirisha lile la upana wa vitabu viwili. Nilidhani ni la kutolea samadi. Sheshagiri alilifungua kwa teke, akatangulia na panga, na tukaingia msituni.

Mawe yalikuwepo chini ya majani, mapana, yamechimbika katikati kwa kwato. Kila hatua mia Sheshagiri alisimama kufyeka, na sisi tukasimama kung'oa maruba. Tulikuwa tumebeba chumvi kwenye kitambaa, unampaka ruba anaachia. Gaus alimshika mzee Deshpande mkono penye utelezi, na mzee akamweleza kwa kirefu jinsi wajenzi wa zamani walivyotega mawe ili maji yapite chini. Kwa kawaida hapo ningesema mimi: huu ni mti gani, ndege yule anaitwaje. Sikusema lolote. Nilihesabu. Saa moja. Saa moja na nusu. Baba alikuwa hai kwa siku kumi na moja, na kila siku moja ilikuwa na saa ishirini na nne.

Tulipofika kwenye kijito cha kwanza Sulabha alinisogelea, tukaosha miguu pamoja.

"Ulikaa miaka mingapi?" aliuliza.

Nilitazama mbele kuona kama kuna anayesikia. "Mitatu."

"Nilijua tangu ule mlango." Alinifinya bega. "Nimekuandikia alama nzuri kwenye karatasi yao ya maoni. Usiwe na wasiwasi, sikuandika kitu kingine."

Saa saba na nusu baada ya kutoka, miti ilikwisha ghafla na tukawa juu ya shamba la mpunga, na ng'ambo ya shamba barabara ya lami, na basi dogo alilotuma Prasanna limewasha taa. Simu zote zililia kwa pamoja kama vyura. Wageni walikimbia, hata mzee. Nilibaki na Sheshagiri ukingoni mwa msitu. Damu ya maruba ilikuwa imemkauka mpaka magotini.

"Nilijua," alisema. "Niliwahi kushuka nayo na baba nikiwa na miaka minane. Mama alisema ninyamaze, nikanyamaza."

"Ungeshuka hata peke yako," nilimwambia. "Mimi mngenifungia, sawa. Lakini wewe ungeshuka, ukae karibu na baba yangu, umwambie Nagaveni anakuja."

Alifikiri. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza wazo lile kumfikia. "Sikuwaza hivyo," alisema.

"Najua."

Alisubiri kama nitaongeza neno. Halafu akasema ng'ombe watakuwa wamechelewa kukamuliwa, akageuka, akapanda. Nililisikia panga lake kwa muda, likigonga mahali ambapo hapakuwa na cha kufyeka.

Mzee Deshpande alipata vidonge vyake Kumta na hakupatwa na jambo. Wote sita waliandika kwamba ilikuwa safari nzuri kuliko zote walizowahi kwenda, na Tejaswini akaweka picha ya mawe yale ikatazamwa na watu elfu arobaini. Prasanna alikuwa na furaha isiyovumilika. "Njia ya maksai! Tulikuwa tumekalia almasi! Kuanzia Januari tunawapandisha wageni, chakula cha mchana kwa Hegde, wanashuka. Wewe ndiye unayeijua." Nilikataa. Nilimweleza sababu, yote, mlango ukiwa umefungwa. Alisikiliza, akaona haya, akampa kazi hiyo kijana mwingine. Februari kijana huyo alipotea na wageni saba, wakalala juu ya miamba. Machi nikaenda mimi. Mshahara ni mshahara, na mama yangu ananitegemea.

Sasa napanda mara mbili kwa mwezi wakati wa kiangazi. Wageni wanakula barazani. Mimi siingii ndani zaidi ya nguzo ya kwanza, na silali. Sheshagiri huuliza wageni ni wangapi, nami humjibu. Bhagirathi huniletea chai mwenyewe, anakaa ngazi moja chini yangu, ananiuliza habari za pwani: bei ya chumvi, nani ameoza binti, bahari imekula kiasi gani cha ufuko mwaka huu. Namjibu. Hajaomba radhi, na mimi sijasema yamekwisha.

Mara ya mwisho ilikuwa Mei, mawingu yakianza kujikusanya upande wa magharibi. Aliniuliza redioni wanasema mvua itaingia lini. Nikamwambia wiki ijayo, au kabla. Alitikisa kichwa, akachukua kikombe changu. Nilisimama, nikawahesabu wageni wangu, nikawahesabu tena, nikawaambia wafunge viatu vizuri, tunashuka sasa hivi.